Kidole cha Nani

Tarehe 9 Januari

Kwa mpwa wangu, Daktari Bingwa wa Figo, Mkuu wa Wodi, Mvumbuzi, na Mtoto wa Dada Yangu (hicho cha mwisho ndicho cheo chenyewe, vingine umepewa na watu),

Sisi huku wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi nalo linaongea, hasa likiona ngazi. Paa la gereji limeacha kuvuja. Sikulitengeneza mimi, mvua imekatika tu. Nyundo, fundi bodi wangu, bado anagonga mabati asubuhi hadi jioni na bado hasikii anachoambiwa, hasa akiambiwa awahi.

Kifurushi chako kimefika. Mtu wa posta alikirusha juu ya kaunta kama anarusha soksi. Nikamwambia, "Baba, unajua umerusha nini? Umerusha sayansi." Akaniuliza, "Ni simu?" Nikamhurumia.

Nilikifungua mbele ya watu wote, ili kusiwe na mtu wa kusema nimesimuliwa. Kweli, mpwa wangu, ulinieleza miaka yote hiyo nami nikawa naitikia tu bila kuelewa. Kumbe ni kitu kidogo namna hii, kama kibanio cha nguo! Unakibana kwenye kidole, kinawaka taa nyekundu, unasubiri kama unasubiri chai ipoe, namba ya wingi wa damu inatokea. Hakuna sindano, hakuna pamba, wala yule dada wa maabara wa kukwambia "kidogo tu, mzee" halafu anakuchimba kama anatafuta maji ya kisima.

Nimepima nusu ya mtaa. Nyundo kumi na tano. Mwalimu mmoja aliyeleta gari lipakwe rangi alitoka kumi na moja, nikamwambia gari lake lina afya kuliko yeye, aende hospitali, na akaenda. Sasa watu wananiita Daktari Glosi. Nimewaambia Mzee Glosi inatosha, udaktari uko kwa mpwa wangu, mimi ni tawi.

Mimi mwenyewe kumi na nne. Nyundo alisema hiyo ni damu ya ng'ombe dume.

Kuna jambo dogo. Pale kliniki kuna kijana, daktari, ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke au zibaki ndani. Ananisumbua na habari za figo. Ati zangu zimechoka, ati nianze kuandaliwa kwa mashine ya kusafisha damu, na kwanza nichomwe tena apime. Nikamwambia damu yangu imeshapimwa na mkubwa wake wa kazi, tena bila kuchomwa. Akaandika kitu kwenye faili. Nilimshinda.

Simu nimeiweka kando kidogo, inaniumiza sikio. Na barua ina heshima zaidi.

Mjomba wako,
Mzee Glosi, mkono wa rangi usio na mpinzani kuanzia hapa hadi huko usikokujua

*

Tarehe 2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nafurahi kwamba goti linaongea. Mwambie mkaza mjomba asilipake mafuta ya injini hata ukimshauri. Binti yangu ameng'oka jino la mbele na amekataa kumwonyesha mtu yeyote, anasema ni lake. Mume wangu mzima. Mimi nipo.

Leo nimeshinda wodini. Mashine mbili mbovu, na watu kwenye benchi wanatazamana, kila mmoja anahesabu nani ataambiwa arudi kesho. Mimi ndiye ninayewaambia. Nilisomea figo miaka mingi, mjomba, lakini kazi yangu kubwa imekuwa kuchagua nani arudi kesho.

Chombo ulichonacho, kamati ya kuidhinisha vifaa vya tiba imekirudisha tena. Wanataka majaribio mengine. Wana haki. Vidole vya watu wa ofisini kinavisoma kama gazeti. Vidole vya wafuaji, wachimbaji, mafundi, ngozi nene yenye makovu, mwanga unapotea njiani. Nimekaa miaka sita ndani ya ngozi ya kidole. Kuna watu wamejenga ghorofa kwa muda huo. Ndiyo maana nilikutumia wewe: sijui kidole kilichoteswa kuliko chako. Nilitaka unisaidie kukijaribu. Sikukituma kikutibu.

Nakuomba mambo mawili. Pima tena, wewe mwenyewe, asubuhi kabla hujashika thina ya rangi, kisha uniandikie namba. La pili, rudi kwa yule kijana umpe mkono achukue damu. Chombo changu kinaona wingi wa damu basi. Figo hakizioni.

Sikio gani linakuuma? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unapumzika katikati ya sentensi. Wewe, ambaye hujawahi kumpa mtu nafasi ya kuingiza neno.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu za huku ni zilezile, ila zimeongezeka uzito. Mkaza mjomba wako amepunguza chumvi bila kuniuliza. Mwambie mjukuu wangu jino ni lake kweli, asikubali kunyang'anywa na serikali.

Nimekuelewa kuhusu kamati. Kamati zote duniani ni ndugu. Mimi nimezunguka, nimepaka malori ya watu wa kila lugha, na sijaona kamati iliyopaka hata mlango mmoja. Wape muda, watachoka kabla yako.

Namba yangu ni kumi na nne tena. Asubuhi, kabla ya thina, kama ulivyoagiza.

Huku nimeanzisha fasheni. Nimepasua viatu vyangu pembeni, vyote viwili, mguu unapata hewa. Nyundo amecheka wiki nzima, lakini nakuhakikishia mwakani utaona mawaziri wamevaa. Chakula nacho kimeharibika, kila kitu kina ladha ya spana. Mkaza mjomba wako anakataa kwamba amesahau kupika. Na nimegundua kulala umekaa ni bora kuliko kulala umelala, mtu anaamka akiwa tayari nusu njia.

Kijana wa kliniki nasikia amehamishwa, au yuko likizo. Sina hakika, sikwenda.

Nilikuwa namsimulia Nyundo siku ile ulipopewa ubingwa. Ulisimama mbele ya wale wazee wenye majoho ukasema itafika siku mgonjwa atapimwa damu kwa mwanga, bila tundu hata moja mwilini. Mimi nilipiga makofi hadi mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti. Siku ile niliamini, na mpaka leo naamini. Kwa nini nikachomwe na mtoto wa watu wakati mtoto wetu ameshamaliza habari ya sindano?

Mkono wa mama yako sijausahau. Ule wa kushoto, ulivyokuwa mwishoni, kama bati lililogongwa na kugongwa tena. Basi. Hayo tuyaache.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Leo sitauliza habari za goti.

Viatu hukupasua kwa fasheni. Miguu imejaa maji. Ladha ya spana haitoki jikoni, inatoka kwenye damu yako. Unalala umekaa kwa sababu ukilala unakosa pumzi, na hunipigii simu kwa sababu unajua nitaisikia pumzi hiyo. Umeniandikia dalili zote na ukazicheka moja moja ili nisizijumlishe. Nimezijumlisha. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Sasa niambie. Kumi na nne ni kidole cha nani?

Mtu mwenye figo zilizochoka hivyo hawezi kuwa na damu ya kumi na nne. Figo ndizo zinazouagiza mwili utengeneze damu, zikichoka agizo halifiki. Chombo nimekitengeneza mimi. Najua kinapokosea, na najua kinapodanganywa.

Na hata kingekuwa kidole chako, bado usingenishinda. Sikiliza kama fundi. Chombo changu kinatumia mwanga, na mwanga unaona rangi. Damu ni nyekundu, kwa hiyo naiona. Taka ambazo figo zako zimeshindwa kuzitoa hazina rangi. Ziko ndani ya damu na mwanga unapita kana kwamba hazipo. Unakumbuka ulivyonifundisha habari ya maji kwenye bomba la upepo? Nilikuwa mdogo, nimeshika tochi. Ulisema ukisahau kuyatoa maji kwenye kompresa, yanapanda na upepo, yanaingia kwenye rangi, na huwezi kuyaona. Rangi inatoka kwenye bunduki ya kupulizia, nzuri, inang'aa, mwenye gari anakushukuru, anaondoka. Baada ya siku chache bodi zima malengelenge. Ulisema fundi mjinga anatazama rangi, fundi mwerevu anafungua bomba.

Fungua bomba, mjomba. Bomba lenyewe ni mshipa wako, na kwa sasa hakuna njia ya kulifungua bila sindano. Mimi ndiye ninayekwambia. Nimeitafuta njia hiyo kuliko mtu yeyote unayemjua na sijaipata. Nimepata kipande tu. Niliyoyasema siku ile yalikuwa maneno ya mtu aliyevaa joho kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo jingine, nakwambia kwa sababu utalisikia tu. Juzi nimeandika kuomba maabara ya kile chombo cha vidole ifungwe. Nimechoka. Kila nikitoka wodini naingia kule, kila nikitoka kule narudi wodini, na binti yangu ameniuliza kama nina nyumba nyingine. Na sasa ndugu yangu wa damu amekigeuza chombo changu pazia, amejificha nyuma yake anavimba. Kama ndiyo faida yake, heri kisiwepo.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Barua yangu imekaa zaidi ya mwezi bila jibu. Nimepiga simu. Mkaza mjomba amepokea, akasema umetoka kidogo. Nikakusikia ukikohoa nyuma yake. Sikumwambia kwamba nimesikia, naye hakuniambia kwamba anajua nimesikia. Tukaongea habari za mvua.

Nimeomba ruhusa nije, nimenyimwa mpaka mwezi wa sita. Daktari mwenzangu amelazwa, na wodini nimebaki peke yangu.

Leo siandiki kama daktari. Mama alipokuwa akichomwa, mkono wa kushoto ulikuwa wa wauguzi na wa kulia ulikuwa wako. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nawaona. Ulikuwa ukimwambia uongo mtupu, ati umewahi kupaka rangi meli ya mfalme fulani, mfalme akakupa binti ukamkataa. Alikuwa anacheka sindano ikiingia. Mimi nimejifunza udaktari kwa walimu wengi, lakini pale mlangoni ndipo nilipoamua.

Wewe utashikwa mkono na nani? Nataka niwe mimi. Lakini ukinisubiri unaweza kufa, mjomba. Nimeliandika neno hilo, halafu nimekaa nalitazama. Usinisubiri. Nenda.

Mpwa wako

*

Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu, Daktari, na cheo kile cha mwisho,

Mvua imerudi na paa limerudi kwenye kazi yake ya zamani. Goti la mkaza mjomba wako limenyamaza, sasa anaongea yeye mwenyewe, na ni afadhali goti. Nyundo amepata mtoto, kichwa kikubwa, nimemwambia akipige msasa kidogo. Hakusikia, au alijifanya.

Mwandiko huu usikutishe. Naandikia kwenye paja, na kiti chenyewe kinaegemea nyuma kama cha kinyozi.

Barua yako ya Machi ilinikasirisha. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kupaka mlango wa lori, nikarudi nikaisoma tena. Umenipiga kwa nyundo yangu mwenyewe. Maji kwenye bomba! Nilikufundisha hayo ukiwa hujui hata kufunga viatu, kumbe nilikuwa naweka akiba ya kuja kupigwa nayo. Lakini hicho sicho kilichonikasirisha zaidi. Nilikasirika ulivyoidharau kazi yako. Mimi simruhusu mtu kuisema vibaya kazi ya mtoto wa dada yangu, na wewe umo.

Nikanyamaza, kwa sababu kukujibu ilikuwa lazima nikujibu na kuhusu kidole.

Kidole ni cha mkaza mjomba wako. Cha shahada, mkono wa kulia. Changu nilikipima siku ileile ya kwanza, watu walipoondoka. Kikasema saba. Nikasema chombo kimechoka, nusu ya mtaa si mchezo. Nikakisugua kidole kwa thina, nikapima: saba. Nikabadilisha mkono: saba. Kwa ubishi kimechukua ukoo wenu. Nikamwita mke wangu nikamwambia, "Hebu niazime kidole." Akaniazima bila kuuliza, alidhani nataka kujaribu betri.

Ile barua yako ya Aprili niliisoma kwa sauti, yeye anasikiliza. Ilipofika mahali pa "umetoka kidogo" akalia. Ilipofika kwenye lile neno uliloliandika ukakaa unalitazama, akainuka. Nikamwambia, "Mke wangu, mimi siwezi mambo ya sindano, we unajua." Akasema, "Kidole nilikuazima. Mkono siazimi. Nenda na wako."

Nimekaa na mwanamke yule miaka yote hii, na sijawahi kusikia mtu akifunga mjadala namna ile.

Nilikwenda. Nyundo alinipeleka, na njia nzima hakugonga kitu. Yule kijana hakuhamishwa popote, na ndevu zimeamua kutoka. Hakunisema. Alipotazama miguu yangu tu akawa anakimbia, nami nikajua mtu akikimbia kwa ajili yako si wakati wa kumtania. Nilimtania kidogo tu. Yule dada wa maabara akaja na sinia lake. Mkaza mjomba wako alinishika mkono wa pili. Nilianza kumweleza habari ya meli ya mfalme, nikafika kwa binti, akasema, "Huyo binti nashukuru ulimkataa, sasa nyamaza uchomwe." Nikachomwa.

Majibu ya figo yakarudi kama ulivyosema, mabaya, sitayaandika, unayajua. Lakini sikia hili, ndilo lililonifanya nidai kalamu: nilimwambia kijana anipe na ile namba nyingine, ya wingi wa damu. Akatazama karatasi. Saba nukta moja.

Saba, mpwa wangu! Mashine yao kubwa kama kabati imenichoma ndipo ikajua. Kibanio chako kilijua tangu Januari, kwa taa tu, kwenye kidole hiki. Kidole kilichoungua, kilichokatwa, kilicholoweshwa thina tangu kabla hujazaliwa. Si ndicho ulichokuwa unakitafuta? Hakikukosea. Muongo alikuwa mwenye kidole. Nimemwambia kijana akuandikie rasmi, kwa mhuri wao, maana ushahidi wa mjomba kamati watasema ni wa nyumbani. Na barua yako ya kufunga maabara kairudishe. Kama wameshaipokea, waambie ilikuwa ya mtu mwingine, umeazima mkono.

Wameniwekea mrija shingoni kwa sasa, mpaka mkono utayarishwe. Damu inatoka, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Nimeitazama. Mimi niliyekwepa sindano moja sasa naona damu yangu yote inatembea nje kama imetoka kununua mkate. Miguu imepungua. Jana nililala nimelala. Nimechoka, mama, uchovu wa kuvuta lori kwa meno, na ndiyo kwanza tumeanza, nimeambiwa ni hivi maisha yote. Na inauma. Hili ubaki nalo wewe, huku nimewaambia watu haiumi.

Tuko wengi humu ndani. Nimewasimulia wote habari zako, kwa kipimo, nimeongeza chumvi kidogo tu kwa kuwa nyumbani nimenyimwa. Kwenye kiti cha dirishani kuna mama fundi cherehani. Mashine ameizoea, anasema hiyo hana ugomvi nayo. Ila kila wakitaka kupima damu wanamtafuta mshipa mahali papya, na mikono yake imekwisha, sasa wanatafuta miguuni. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kucheka, kisha akaniuliza, "Huyo mpwa wako, hicho kitu anakimaliza lini?"

Nikamwambia nitakuuliza mwenyewe.

Anakuja tena Alhamisi, na kiti chake kiko mkabala na changu. Nimwambie nini?

Mjomba wako